Mimi na daktari wa mbwa wangu hatukubaliani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ninafuga mbwa Moshono, Arusha, na kwa miaka mingi majirani wamekuwa wakinigongea geti wakiwa na mbwa anayeumwa, mwingine kabebwa mikononi, mwingine kalazwa nyuma ya bajaji. Mimi si daktari. Wala wengi wao hawaji kuniuliza mbwa anaumwa nini, kwa sababu daktari wameshamwona. Wanachoniuliza ni hiki: "Daktari kasema hivi, mimi naona vile, sasa nifanyeje?" Hapa nimekusanya maswali yanayorudi kila mara, ya Arusha na ya ndugu zangu wa Moshi. Majibu nimeyapata kwa madaktari wazuri waliokubali kunielimisha, na kwa Bobi, mbwa niliyempoteza kwa sababu niliona haya kuuliza.

Kumhoji daktari si kumvunjia heshima?

Hapana. Tumelelewa kwamba mtaalamu haulizwi, kwa hiyo tunaitikia "sawa daktari", tunalipa, tunaondoka. Tukifika nyumbani tunampigia simu shemeji mwenye mbwa watano, na kesho yake tunahamia kwa daktari mwingine bila kuaga. Adabu ya namna hiyo inaua mbwa. Daktari wa kwanza anadhani mgonjwa wake amepona, na wa pili anaanza upya bila kujua ni nini kimeshaingia mwilini.

Mbwa hana wa kumsemea ila wewe. Daktari anamwona kwa dakika ishirini, tena akiwa ameingiwa na hofu juu ya meza ngeni. Wewe ndiye unayejua kwamba tangu jana amekojoa mara moja tu, kwamba analalia upande mmoja, kwamba wiki iliyopita alitoroka na kurudi kachafuka matope.

Msalimie vizuri, kama ni mtu mzima mpe shikamoo yake, umwache amalize kueleza. Kisha sema: "Daktari, nimekuelewa, ila kuna jambo bado halijanikaa. Naomba unifafanulie." Usifanye hivyo mbele ya wateja waliopanga foleni, omba msogee pembeni. Daktari aliyebishiwa hadharani atatetea jina lake kwanza, na mbwa atasubiri.

Daktari kasema ni "homa ya kupe" bila kupima damu. Nikubali?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, hasa na watu wa Moshi, kwani kule chini kuna joto na kupe hawapumziki. Daktari ana sababu ya kulifikiria jina hilo haraka: mbwa wetu wengi huumwa kupe kweli. Tatizo ni kwamba "homa ya kupe" si ugonjwa mmoja.

Upo erlikia, ambao bakteria wake hujificha ndani ya chembe nyeupe za damu. Mbwa anapata homa, anakonda, chembe sahani (zile za kugandisha damu) zinashuka, na wakati mwingine anatokwa damu puani. Huu hutibiwa kwa doksisaiklini, kwa kawaida siku 28 mfululizo. Na upo babesia, ndugu wa ule ugonjwa wa mkojo mwekundu wa ng'ombe. Huyu anapasua chembe nyekundu: fizi zinakuwa nyeupe kama karatasi, mkojo unakuwa na rangi ya chai kavu, na mbwa aliyekuwa akibweka juzi anaweza kufa kesho. Dawa yake ni sindano ya imidokabu au diminazini, na doksisaiklini peke yake haitamwokoa. Vilevile, imidokabu si dawa ya kutegemea kwa erlikia. Mbwa mmoja anaweza kuwa nayo yote mawili, maana kupe wa mbwa hubeba zaidi ya mzigo mmoja.

Na kama mbwa wako alipelekwa kambini pembezoni mwa Tarangire, au sehemu yoyote yenye mbung'o, mwambie daktari hata kama hajakuuliza. Ugonjwa wa malale humpata mbwa pia, na dalili mojawapo ni macho kufunikwa na ukungu wa bluu. Nimeona mbwa wa aina hiyo akitibiwa macho kwa wiki mbili.

Kwa hiyo usimkatalie daktari, muulize: "Tukipima damu leo, majibu yanaweza kubadilisha dawa?" Akisema yanaweza, omba kipimo. Kipimo cha awali hakihitaji mashine kubwa. Tone la damu, mara nyingi la pembeni mwa sikio, linapakwa kwenye kioo, linatiwa rangi na kutazamwa kwa hadubini. Babesia mara nyingi huonekana hivyo. Erlikia ni vigumu kuonekana, ndiyo maana kuna vile vipimo vya haraka vyenye mistari kama kipimo cha mimba. Ila jua kwamba kipimo hicho kinatafuta askari wa mwili, si mdudu mwenyewe, na askari hao hubaki kwenye damu miezi mingi baada ya mbwa kupona. Ukiona mstari tena baada ya dozi kuisha na mbwa anakula, ana afya, usikubali haraka kuanza siku 28 nyingine. Omba kwanza ahesabiwe chembe sahani.

Kuna wakati daktari ana haki ya kutibu kabla ya majibu. Ni Jumapili, maabara zimefungwa, mbwa hawezi kusimama: atibiwe. Lakini omba damu itolewe *kabla* ya sindano ya kwanza, iwekwe kwenye kichupa cha kifuniko cha zambarau, na ipakwe kwenye kioo palepale. Dawa ikishaingia, wadudu wanaweza wasionekane tena, na hapo mtabaki kubahatisha.

Anachoma sindano nisizozijua. Nina haki ya kuambiwa ni za nini?

Unayo, na hapa naomba nisikilizwe.

Bobi alianza kukataa ugali wake siku ya Jumatatu. Daktari alikuja nyumbani na begi, akamchoma sindano tatu. Jioni Bobi akala, akatikisa mkia, nikamshukuru Mungu. Siku ya tatu akaanguka, akachomwa tena, akaamka tena. Tulikwenda hivyo siku tisa. Nilipompeleka kliniki nyingine, daktari wa pale aliniuliza swali moja: "Amechomwa nini?" Nikajibu: "Ya homa, ya nguvu, na nyingine." Hakunigombeza. Alisema tu kwamba hawezi kumpa dawa ya maumivu aliyotaka kumpa, kwa sababu kama mojawapo ya zile ilikuwa deksamethasoni, zikikutana tumboni zinaweza kumtoboa utumbo. Bobi hakufika asubuhi.

Deksamethasoni ni ya jamii ya steroidi. Inashusha homa, inapunguza uvimbe, inarudisha hamu ya kula kwa siku moja au mbili, na kila mtu nyumbani anafurahi, huku ugonjwa wenyewe ukiendelea chini kwa chini na kinga ikipungua. Ina mahali pake halali: mbwa aliyevimba uso kwa kung'atwa na nyuki, au ambaye kinga yake imegeuka inakula damu yake mwenyewe. Lakini "sindano ya nguvu" isiyo na jina, inayorudiwa kila mbwa anapolegea, ina haki ya kuulizwa.

Tangu hapo nina daftari. Kila mbwa ana kurasa zake: tarehe, uzito, joto la mwili (la mbwa mzima ni kama nyuzi 38 hadi 39.2, usilinganishe na la kwako), jina la dawa kama lilivyoandikwa kwenye chupa, kiasi, na mahali ilipochomwa, msulini, mshipani au chini ya ngozi. Kama mwandiko wa daktari hausomeki, piga picha chupa. Mwambie: "Daktari, naomba nipige picha dawa niiweke kwenye kumbukumbu zake." Kwa daktari anayejua anachochoma, hilo halina shida. Anayeficha chupa mfukoni, usimruhusu achome.

Nitajuaje kama huyu ni daktari kweli au ni bwana mifugo?

Mitaani kwetu kila mwenye begi na mabomba ya sindano anaitwa dokta. Daktari wa wanyama ana shahada ya tiba ya wanyama, ambayo kwa wengi wa hapa ni miaka mitano pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, na amesajiliwa na Baraza la Veterinari chini ya Sheria ya Veterinari ya 2003. Maafisa mifugo wasaidizi wana astashahada au stashahada, kwa mfano kutoka chuo cha LITA pale Tengeru. Nao wana nafasi yao kisheria, chini ya usimamizi wa daktari aliyesajiliwa. Wengi wana mkono mzuri, na kwa ng'ombe na mbuzi wamenisaidia sana. Ila mbwa mwenye kifafa, mwenye uvimbe, au anayekojoa damu, mfikishe kwa daktari. Kuuliza "umesajiliwa na Baraza?" si tusi.

Muuza duka la dawa za mifugo ni mfanyabiashara. Usimpe kazi ya daktari.

Mtoto wa mbwa ana parvo. Daktari anataka alazwe kwa dripu siku nne, mimi uwezo sina. Ananiona sina huruma.

Mwambie uwezo wako mapema, kwa namba, kabla hajaanza. Aibu ya kutaja pesa imewafanya wengi wachukue mbwa na kuondoka, wakamwacha afe uani. Daktari hawezi kukupa njia ya katikati kama hajui unahitaji njia ya katikati.

Na njia hiyo ipo. Parvo ni kirusi, hakuna dawa inayokiua. Mtoto wa mbwa hufa kwa kukaukiwa maji na kwa bakteria wanaopenya kwenye utumbo uliochubuka, na tiba yote ni kumvusha siku hizo. Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, Marekani, kililinganisha mbwa 20 waliolazwa kwa dripu na 20 waliotibiwa kama wagonjwa wa nje, wakipewa maji chini ya ngozi, sindano ya kuzuia kutapika na antibayotiki ya muda mrefu. Waliolazwa walipona 18, wa nje walipona 16. Kulazwa ni bora, usidanganyike. Lakini 16 kati ya 20 ni tofauti kabisa na kumrudisha nyumbani na glukosi ya kopo. Muulize daktari: "Kama hatuwezi kumlaza, unaweza kumwekea maji chini ya ngozi asubuhi na jioni, nami nikamlisha kidogo kidogo?" Mtoto aliyeanguka kabisa, aliyepoa masikio na miguu, hafai kwa mpango huu. Huyo anahitaji dripu ya mshipani leo.

Kitu kimoja ambacho daktari akikisema usibishe: usilete mbwa mwingine asiyechanjwa kwenye uwanja huo. Kirusi kinakaa kwenye udongo hata mwaka. Sakafu ya saruji osha kwa sabuni kwanza, kisha maji ya klorini, ile ya kung'arishia nguo nyeupe.

Jirani kaniambia nimpe panado, daktari anakataa. Nani mkweli?

Daktari. Panado huharibu ini la mbwa na damu yake. Diklofenaki na ibuprofeni humtoboa tumbo na kuua figo.

Ivamektini ya ng'ombe kwa ukurutu inahitaji maneno zaidi, kwa sababu wakati mwingine ni daktari mwenyewe anayeitumia. Dawa ile ni kali kwa kipimo cha ng'ombe, kosa la nusu mililita kwa mbwa mdogo ni kubwa. Tena kuna mbwa wanaozaliwa na kasoro ya kurithi inayoruhusu dawa hiyo kuingia kwenye ubongo. Imeenea zaidi kwa jamii ya Collie, na baadhi ya German Shepherd wanayo. Arusha imejaa German Shepherd na machotara wao, kila geti la Njiro lina mmoja. Kwa hao uliza kama kuna dawa nyingine, na ipo, zile tembe mpya za viroboto na kupe zinatibu ukurutu pia.

Mbwa ana uvimbe unaotoa damu sehemu za siri. Mmoja kasema ukatwe, mwingine kasema apumzishwe, yaani auawe kwa sindano asiteseke.

Kabla ya yote mawili, uliza kama ni ile saratani inayoambukizwa kwa kupandana. Imejaa kwa mbwa wetu wanaozurura, huonekana kama koliflawa, na inatisha kuliko ilivyo. Daktari anaweza kuigusisha kioo, akaitia rangi na kuitambua kwa hadubini. Ikiwa ndiyo, kuna dawa iitwayo vinkristini, inayotumika pia kwa saratani za binadamu. Huchomwa mshipani mara moja kwa wiki, mara nyingi wiki nne hadi sita, na mbwa wengi mno hupona kabisa. Ukikatwa peke yake, mara nyingi unarudi.

Mbwa jike wa jirani yangu wa Kijenge alikuwa ameshapangiwa siku ya kupumzishwa. Alichomwa mara tano. Yupo hadi leo. Lakini daktari akisema hana uzoefu na dawa hiyo, msikilize, maana ikivuja nje ya mshipa inaozesha nyama. Mwombe akuelekeze kwa mwenye uzoefu.

Nataka maoni ya daktari wa pili. Nitamuudhi wa kwanza?

Mwambie wazi. "Daktari, nashukuru kwa kazi uliyofanya. Nataka mwenzako naye amtazame. Naomba uniandikie ulichompa na majibu ya vipimo." Arusha na Moshi ni kama kilomita 80 tu, na madaktari wa mbwa katika miji hii miwili wanafahamiana. Ukienda kwa siri watajua, na atakayepoteza ni mbwa. Nimeshuhudia madaktari wawili wakipigiana simu mbele yangu, wakamaliza kwa dakika tano jambo lililokuwa likinikosesha usingizi wiki nzima.

Usimweleze daktari wa pili kwamba wa kwanza ni mbovu. Mpe daftari, mwache aangalie mbwa kwa macho yake. Na usitafute wa tatu, wa nne, hadi umpate atakayesema unachotaka kusikia. Wawili wakikubaliana, tulia utibu.

Mimi ni mlinzi wa nyumba, mbwa ni wa bosi. Ninaona dawa haimsaidii lakini daktari anaongea na bosi kwa simu tu.

Kaka yangu, wewe ndiye shahidi mkubwa kuliko wote. Wewe unamlisha, unamwona saa nane za usiku. Rekodi video fupi: anavyokohoa, anavyotembea, kinyesi chake. Mtumie bosi na umwombe aitume kwa daktari. Andika saa. Na kwa mabosi wanaosoma hapa: siku daktari anapokuja, mwiteni mlinzi au dada wa kazi asimame pale mezani, asemeshwe.

Daktari anataka mbwa apumzishwe. Moyo wangu haujakubali.

Omba siku moja, kama maumivu yanaweza kuzuiwa kwa siku moja. Muulize mambo matatu: kuna tiba ambayo hatujajaribu? Ikishindikana, kifo chake cha kawaida kitakuwaje? Ungekuwa mbwa wako ungefanya nini? Swali la pili ndilo lililonisaidia mimi. Figo zilizokufa, kwa mfano, hazimwondoi mbwa usingizini kama tunavyojipa moyo. Anatapika, anapata vidonda mdomoni, anakauka.

Ukikubali, uliza atafanyaje. Mbwa apewe kwanza usingizi mzito, ndipo ije dawa ya kusimamisha moyo. Kuanzia mwaka 2008 tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama, na mbwa ana haki ya kutoteswa hata dakika ya mwisho. Kaa naye, mshike kichwa.

Daktari anashuku kichaa cha mbwa na amekataa kumtibu. Nimlazimishe?

Hapana. Hapa hakuna mjadala. Kichaa kikishaonyesha dalili hakina tiba. Aliyeng'atwa au kulambwa kwenye kidonda aoshe kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha aende hospitali leo, Mount Meru kwa Arusha, Mawenzi kwa Moshi. Asisubiri kuona mbwa atakuwaje.

Mbwa amekufa na naamini daktari alikosea. Nifanyeje?

Usimzike kwanza. Mpeleke akapasuliwe ndani ya saa chache, mwili ukiwa kwenye ubaridi bila kugandishwa. Wakala wa Maabara ya Veterinari ana kituo chake cha Kanda ya Kaskazini hapa Arusha, anza kwa kuuliza pale. Bila hilo utabaki na neno lako dhidi ya neno lake.

Kisha zungumza na daktari mwenyewe. Wengi wanaolalamika kwangu hawakuwahi kumwuliza ilikuwaje. Kama maelezo hayaridhishi, andika barua kwa Baraza la Veterinari, lililo na mamlaka juu ya usajili na nidhamu ya madaktari. Weka tarehe, dawa, risiti, majibu ya upasuaji. Usiandike matusi, na usimtangaze mtaani kabla hujasikilizwa. Mimi kwa Bobi sikuwa na cha kuandika. Sikuwa na jina la dawa hata moja.

Umewahi kubishana na daktari, kumbe yeye ndiye alikuwa sahihi?

Ndiyo, Moshi. Mbwa wa dada yangu wa Rau aling'atwa na wenzake, akarudi baada ya siku tatu na shimo pajani linalonuka. Daktari alinyoa manyoya, akaosha kwa maji mengi ya chumvi, akakata nyama iliyokufa, akarudia chanjo ya kichaa, akaandika vidonge. Hakushona. Nikamwambia kwa sauti ya juu kwamba hatukutoka Rau kuja kuoshewa kidonda, na kwamba kama hana uzi aseme.

Alinisubiri nimalize. Kisha akanieleza kwamba jino la mbwa huingiza uchafu ndani kabisa, na kidonda cha siku tatu ukikishona unawafungia bakteria chumbani. Kinatakiwa kijae kuanzia chini. Akachukua daftari langu, akachora mwenyewe: shimo, usaha, mshale unaotoka nje. Akamwonyesha dada jinsi ya kuosha asubuhi na jioni.

Wiki ya tatu dada alinitumia picha. Shimo lilikuwa limejaa nyama changa nyekundu na ngozi imeanza kufunga kutoka pembeni. Nilimpigia daktari kumwomba radhi. Hakutaka kuyarudia. Aliuliza tu kama vidonge vilimalizwa vyote, nikasema vilimalizwa, akasema tumlete Jumamosi amtazame anavyokanyaga.